Samaki mkavu naye hukunjika

Mwisho wa muhula, mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hurudi nyumbani na ripoti yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni alama za masomo, na hiyo ndiyo mzazi huisoma kwa sauti. Ya pili ni tabia na mwenendo: bidii ya kazi, utii, usafi, uaminifu, ushirikiano, kila kimoja na herufi yake. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi sabini huijaza jioni moja, kalamu ikienda mbio, na si ajabu nusu ya darasa ikaambulia B mfululizo toka juu hadi chini. Lakini aliyepewa D ya utii hasahauliki. Ataoa, atapata watoto, na bado shangazi zake watasema yule tangu shule alikuwa hashauriki.

Alama za namna hiyo zimewahi kufuatiliwa hadi uzeeni. Mwaka 1950 walimu wa Uskoti waliwapima watoto 1,208 wenye umri wa miaka 14 kwa mambo sita: kujiamini, ustahimilivu, utulivu wa hisia, uwajibikaji, ubunifu na hamu ya kufanya vizuri kuliko wengine. Karatasi zikatunzwa. Mwaka 2012 watafiti wa Edinburgh wakawasaka watoto wale, sasa wazee wa miaka 77, wakapata 174 waliokubali kujipima upya na kumteua mtu wa karibu awapime pia. Alama mpya zilipowekwa kando ya zile za 1950, uhusiano ulikuwa hafifu mno, na kwa sifa nyingi haukuonekana kabisa. Alichokiona mwalimu darasani hakikutosha kumtabiri bibi wa zaidi ya miaka sitini baadaye.

Msomaji makini atauliza kama hao 174 hawakuwa wale waliobarikiwa afya tu, na kama alama za mwalimu na za mtu kujipima mwenyewe ni kitu kimoja. Maswali ya haki. Utafiti wa Marekani unatoa picha isiyo kali hivyo. Mwaka 1960 mradi wa Project Talent uliwapima wanafunzi wa sekondari wapatao 440,000, na nusu karne baadaye watu 1,795 kati yao wakapimwa tena. Aliyekuwa makini kuliko wenzake akiwa na miaka 16 alielekea kuwazidi hata akiwa na 66, japo si kila mara. Ila kundi zima, kwa wastani, lilikuwa limesogea: watulivu zaidi, wawajibikaji zaidi, wapole zaidi kuliko walivyokuwa ujanani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wanasaikolojia kwa muda mrefu walikuwa upande wao. William James wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1890, aliweka mpaka kwenye miaka 30: kwa watu wengi, hapo tabia imeshakauka. Mpaka huo uliheshimiwa kwa karibu karne nzima. Kilichouvunja ni subira ya watafiti waliowapima watu walewale tena na tena, mwaka baada ya mwaka, badala ya kuwalinganisha vijana wa leo na wazee wa leo. Mwaka 2006 Brent Roberts wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walizikusanya tafiti za aina hiyo, makundi 92 kwa jumla. Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ya balehe. Yalitokea kati ya miaka 20 na 40, na baadhi ya sifa ziliendelea kubadilika hadi uzeeni.

Watu wenyewe hawaamini. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68. Wa kila rika walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka kumi iliyopita, na wa kila rika walidhani miaka kumi ijayo haitawagusa sana. Mtu wa miaka 50 humcheka yule aliyekuwa yeye akiwa na 40, kisha huamini kwamba sasa amefika.

Kwamba tabia hubadilika, basi, si jambo la kubishania tena. Swali zito ni kama mabadiliko hayo yanaleta faida au hasara yoyote inayoonekana, kwenye mfuko, kwenye mwili, mahakamani.

Watoto 1,037 waliozaliwa katika mji wa Dunedin, New Zealand, kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni, na karibu wote waliobaki hai wamekuwa wakirudi kupimwa. Mwaka 2011 Terrie Moffitt, Avshalom Caspi na wenzao walitoa matokeo kuhusu uwezo wa kujizuia: mtoto kusubiri zamu yake, kumaliza alichoanza, kutolipuka kwa kila kitu. Walipofika miaka 32, asilimia 43 ya waliokuwa mkiani kwa kujizuia utotoni walikuwa wameshatiwa hatiani kwa makosa ya jinai. Kwa waliokuwa kileleni ilikuwa asilimia 13. Afya, akiba na madeni vilifuata mkondo huohuo, hata baada ya kuondoa mchango wa akili ya mtoto na uwezo wa wazazi.

Takwimu hiyo ni rahisi kuisoma kama hukumu, kwamba mtoto wa chekechea ameshaandikiwa. Ripoti yenyewe ilisema zaidi ya hapo. Walikuwapo watoto walioanza vibaya, wakajifunza kujizuia kadiri walivyokua, na walipofika 32 maisha yao yalikuwa bora kuliko mwanzo wao ulivyotabiri. Wengine walinaswa na mitego ya ujana: kuanza sigara mapema, kuacha shule, kupata mtoto bila kupanga. Mahali mtu alipoanzia pana uzito, na hatua alizopiga kutoka hapo zina uzito wake peke yake. Hili la pili ndilo linalosahauliwa kila mara mjadala wa malezi unapozuka.

Hatua zenyewe zaweza kuwa za kushuka. Mwaka 2007 Daniel Mroczek na Avron Spiro walichapisha habari za wanaume 1,663 wa eneo la Boston, wengi wao askari wa zamani, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walichotazama ni wahaka: wasiwasi wa kudumu, kukasirika upesi, kukosa usingizi kwa mambo madogo. Wale waliokuwa na wahaka mwingi, tena ukizidi kupanda mwaka hadi mwaka, karibu nusu tu walikuwa hai mwisho wa kipindi cha miaka 18. Kwa wengine, waliobaki hai walikuwa kati ya asilimia 75 na 85. Kilichoambatana na vifo zaidi ni mchanganyiko wa kuwa na wahaka mwingi na kuuacha uendelee kukua. Mwenye wahaka uliokuwa ukipungua hakuwa katika hatari ileile.

Kwa upande wa kazi, kuna vijana wa Iceland. Kevin Hoff na wenzake, mwaka 2021, waliwafuatilia katika makundi mawili kwa miaka 12 tangu walipokuwa sekondari. Hata baada ya kuhesabu tabia walizoanza nazo, waliopanda katika utulivu wa moyo, uwajibikaji na uchangamfu walifika mbali zaidi kazini, baadhi kwa kipato, baadhi kwa kuridhika na kazi. Nchini Australia, utafiti wa watu 8,625 uliochapishwa mwaka 2013 uliweka mabadiliko ya tabia kwenye mizani moja na mabadiliko ya kipato, ndoa na ajira, na tabia ikaonekana kueleza zaidi kupanda na kushuka kwa kuridhika na maisha. Ofisi za takwimu za kwetu huuliza bati, choo na simu. Utulivu wa moyo hauna safu kwenye dodoso.

Lakini hapa pana hatari ya kuanza kumlaumu maskini kwa umaskini wake. Maisha huibadilisha tabia kama vile tabia inavyoyabadilisha maisha, na mara nyingine maisha ndiyo hutangulia.

Ujerumani ilipima watu wazima 6,769 mara mbili ndani ya miaka minne. Baadhi yao walipoteza kazi katikati. Kadiri wanaume walivyokaa bila ajira ndivyo uwajibikaji wao ulivyopungua. Wanawake walipungukiwa upole mwaka baada ya mwaka. Waliopata kazi upya mapema hawakuonyesha mabadiliko makubwa. Sasa mwazie mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi anayemhoji kijana mwenye shahada aliyekaa kijiweni miaka minne. Anamwona mzito wa kujibu, hatazami usoni, amechelewa dakika ishirini. Anahitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawana bidii. Inawezekana kabisa anachokiona ni matokeo ya miaka ile minne, naye anakiita sababu yake.

Upande wa pili wa habari hiyo unatia moyo zaidi. Mwaka 2013 Wiebke Bleidorn na wenzake walichambua majibu ya vijana 884,328 wa miaka 16 hadi 40 kutoka nchi 62. Kote duniani, miaka ya kuingia utu uzima iliambatana na kukomaa kwa tabia, na katika nchi ambazo watu huanza kazi mapema, ukomavu huo ulikuja mapema pia. Kazi ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko ndoa na uzazi. Mtu hupewa ufunguo wa duka, hesabu zikipotea ni zake, wateja wanamsubiri saa moja asubuhi. Baada ya miaka miwili amekuwa mtu wa kuamka alfajiri na yeye mwenyewe hajui ilianza lini.

Matokeo hayo yanaigusa dawa moja maarufu ya wazee wa pwani na bara: muozesheni, atatulia. Uhusiano wa kwanza wa mapenzi wenye uzito, kwa mujibu wa tafiti za Ujerumani, huwapunguzia vijana wahaka. Kwa uzazi, ushahidi ni dhaifu. Uchunguzi uliofanywa Australia haukuona kwamba kupata mtoto wa kwanza kunamkomaza mtu kuliko mwenzake asiye na mtoto. Binti anayeolewa ili amtulize mume mlevi ndiye hulipia jaribio hilo, na hajaulizwa.

Dawa nyingine maarufu ni kambi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita yalirejeshwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa kwa karibu miaka ishirini. Kila mara kijana akifanya uhuni mtaani, mtu husema apelekwe JKT akanyooshwe. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2012 ulilinganisha vijana waliokwenda jeshini na wenzao waliochagua utumishi wa kiraia. Waliotoka jeshini walikuwa na upole mdogo kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miaka mitano baadaye, walipokuwa vyuoni na makazini. Kambi za JKT zina kilimo na stadi za kazi, wala hazipaswi kubebeshwa matokeo ya Wajerumani. Zinapaswa kupimwa zenyewe, kwa vijana wenyewe, kabla na baada, badala ya kutegemea hotuba za siku ya kufunga mafunzo.

Kupima, hata hivyo, si kazi ya kubeba madodoso ya Illinois na kuyashusha Siaya. Hilo limejaribiwa. Rachid Laajaj na Karen Macours waliwasomea wakulima wa Siaya, magharibi mwa Kenya, maswali ya kawaida ya tabia, kisha wakarudi wiki chache baadaye kuwasomea tena. Wengi walielekea kukubali chochote walichoambiwa: kauli moja ndiyo, na kinyume chake nacho ndiyo. Yeyote aliyekulia kijijini hatashangaa. Mgeni amekuja na karatasi, amekalishwa kwenye kiti kizuri, ni aibu kumkatalia kila sentensi. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu zaidi ya 94,000 waliohojiwa ana kwa ana katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, na sifa tano ambazo wanasaikolojia wa Magharibi huziona kila mahali zilishindwa kujitokeza sawasawa. Kwa hiyo kwa Afrika ushahidi wa kuaminika zaidi ni ule unaotazama watu wamefanya nini, kuliko wamejibu nini.

Ushahidi wa namna hiyo upo, na mzito kuliko wote umetoka Monrovia.

Liberia ilikuwa imetoka vitani, na mji mkuu ulikuwa umejaa wanaume wa miaka 18 hadi 35 walioishi kwa wizi, unyang'anyi, dawa za kulevya na mapigano. Watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan, wakishirikiana na asasi ya Kiliberia iitwayo NEPI, waliwaandikisha 999 kati yao. Kwa bahati nasibu waliwagawa makundi manne: wa kwanza walipata mafunzo ya wiki nane, wa pili dola 200 taslimu, wa tatu vyote viwili, wa nne hawakupata kitu. Mafunzo hayakuwa mahubiri. Vikundi vya watu kama ishirini vilikutana mara kadhaa kwa wiki, vikiongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayohayo wakaachana nayo. Walifundishwa kuitambua hasira kabla haijapanda, kupanga matumizi, kutenda leo kwa ajili ya kesho. Kisha walipewa kazi za nyumbani za ajabu kidogo. Nyoa nywele, vaa viatu vinavyofunika vidole, ingia benki uulize namna ya kufungua akaunti, ingia dukani utazame bidhaa, na ukitazamwa vibaya usigombane. Kesho yake mtu alirudi kueleza ilikuwaje.

Wengi walitabiri kwamba pesa zingeishia kwenye ulevi. Sehemu kubwa ilitumika kwa chakula, mavazi, kodi na biashara ndogo. Biashara hizo hazikudumu, na baada ya mwaka waliopata pesa pekee walikuwa wamerudi karibu walikotoka. Waliopata mafunzo pekee nao walikuwa wameanza kufifia. Waliopata vyote viwili ndio walioshika. Miaka kumi baadaye watafiti waliwatafuta tena, na katika kundi hilo wizi, biashara ya dawa na ugomvi vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu wakilinganishwa na wasiopata kitu.

Maelezo ya watafiti wenyewe ni ya kawaida na yanasadikika: pesa, hata zilipoisha, ziliwanunulia miezi kadhaa ya kuishi kama mtu mwingine bila kulazimika kuiba, na miezi hiyo ilitosha tabia mpya ikazoeleka. Mazoea hujenga tabia, mradi anayefanya mazoezi ana chakula tumboni.

Hata katika nchi zenye nafasi, ambako watu hujibadilisha kwa hiari, sharti ni lilelile la kutenda. Nathan Hudson na wenzake nchini Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo orodha za vitendo vya wiki kwa muda wa wiki 15. Waliovitekeleza walibadilika kuelekea walikotaka. Waliovikubali kisha wasivitekeleze hawakupata kitu, na baadhi walirudi nyuma. Nchini Uswisi mwaka 2021 programu ya simu ya miezi mitatu, iliyojaribiwa kwa watu 1,523, ilionyesha mabadiliko yaliyodumu angalau miezi mitatu zaidi. Ndugu na marafiki waliyaona pia, ila kwa wale tu waliotaka kuongeza sifa fulani. Waliotaka kupunguza, kama wahaka, walijiona wenyewe wamepungua na nyumbani hakuna aliyegundua. Kuna ndoa nyingi zinazoweza kuelezwa na sentensi hiyo.

Na jijini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa uwekaji hesabu, masoko na mambo ya kawaida ya biashara. Jingine lilifundishwa kujituma: kutafuta fursa kabla ya kuambiwa, kujiwekea lengo, kuinuka baada ya kikwazo. Faida ya kundi la kujituma ilipanda kwa asilimia 30. Mafunzo ya kawaida yaliishia asilimia 11, ongezeko dogo ambalo kitakwimu halikuweza kutofautishwa na bahati tu.

Yote haya yana mahali pa kufanyia kazi, na ni karibu. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambapo vijana hupata asilimia nne. Kenya ina mfuko wa vijana tangu mwaka 2006, na mfuko wa mikopo wa Hustler Fund tangu Novemba 2022. Mijadala kuhusu fedha hizo huishia palepale: nani hakurejesha, na vijana gani si waaminifu. Monrovia ilionyesha kwamba pesa peke yake huisha na mtu akabaki alivyokuwa, na Lomé kwamba mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko yasitegemewe peke yake kumgeuza mtu.

Mafunzo na fedha kwa pamoja viligharimu Monrovia takriban dola 530 kwa kila mtu. Halmashauri moja ichague vikundi vichache vya vijana kwa bahati nasibu, iwaongezee juu ya mkopo wiki nane za mafunzo yanayoongozwa na watu waliopita njia hiyo, kisha irudi baada ya mwaka kuwalinganisha na waliopata mkopo pekee: nani bado ana biashara, nani amerejesha, nani yuko mahabusu. Afisa maendeleo ya jamii anayesoma haya ana orodha ya vikundi tayari kwenye kabati lake. Aanze nayo.